Kizazi Kilicholala Nyuma: Swali Nililochelewa Kuuliza

"Kizazi chako kimegeuka." Niliambiwa hivyo nikiwa bado nimelala kitandani, jeli ya altrasaundi haijafutwa tumboni, na aliyenipima akaendelea kuandika. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilitoka pale nikiamini nimeshaijua sababu ya miezi minane bila mimba.

Karibu mwaka mzima uliofuata nilipigana na mkao wa kizazi changu. Baada ya tendo la ndoa nililala nimeinua miguu ukutani. Nilibana mkojo nikiogopa mbegu zitatoka. Nilikandwa tumbo mpaka nikaugua, eti kirudi mahali pake. Dada unayesoma, usipoteze hata mwezi mmoja kwa mambo haya.

Kwa wanawake wengi kizazi huinamia mbele, juu ya kibofu. Kwa takriban mwanamke 1 kati ya 5 huinamia nyuma, upande wa uti wa mgongo, na wengi wao wamezaliwa hivyo. Ni maumbile tu. Mbegu hazingoji mteremko: huogelea zenyewe, mikazo midogo ya kizazi ikizisaidia, na za kwanza huwa zimeingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Majimaji yanayotoka ukisimama si mimba inayomwagika.

Daktari wa pili ndiye aliyenifumbua macho. Alinipima kwa vidole, akakisukuma kizazi taratibu, akasema, "Kinacheza vizuri." Nikamuuliza kisingecheza ingekuwaje. Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo ningepaswa kulitafuta tangu siku ya kwanza.

Kizazi kilicholala nyuma lakini kinasogea hakizuii mimba. Kilichoganda hapo nyuma ndicho cha kuchunguza, kwa sababu kuna kitu kimekishika. Mara nyingi ni makovu ya maambukizi ya zamani ya nyonga (yaani ya viungo vya uzazi vya ndani), au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake. Makovu hayo yanaweza pia kuziba mirija ya uzazi au kuibana, na hapo ndipo mimba inapokwama. Kwa hiyo kama hedhi yako inakulaza kitandani, unaumia ndani kabisa wakati wa tendo, au uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, yaseme yote hayo, hata kama hujaulizwa. Kisha uulize: kinasogea, au kimeshikwa?

Kwangu tatizo lilikuwa hesabu. Mzunguko wangu ni wa siku 35, nasi tulikuwa tunavizia siku ya 14 kwa sababu ndivyo kila mtu asemavyo. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo langu lilikuwa linatoka karibu na siku ya 21. Yai huishi saa 24 hivi tu, ila mbegu zinaweza kungoja hadi siku 5, ndiyo maana kukutana kila baada ya siku mbili kuanzia kabla ya siku hizo kunafaa kuliko kuvizia siku moja. Mume wangu naye alipimwa mbegu, kipimo rahisi ambacho kilistahili kufanywa mapema, kabla sijaanza kuulaumu mwili wangu. Kama una miaka chini ya 35, nenda ukapimwe baada ya mwaka wa kujaribu; ukiwa na 35 au zaidi, usivuke miezi 6. Ukiwa na dalili nilizotaja, usisubiri.

Mimba ilishika mwezi wa tatu baada ya kubadili hesabu. Kizazi kikiwa bado kimelala nyuma vilevile.

Kinapokua, kwa kawaida huinuka chenyewe kutoka kwenye nyonga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Ni mara chache sana hunasa. Ukifika wiki hizo au zinazofuata ukashindwa kukojoa, au mkojo ukawa unatoka matone tu huku tumbo la chini linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku usiukute nyumbani.