Maswali ya Bustani: Kipupwe na Mchanga Usioshiba

Masika yamekatika, kusi limeshika, na joto la mchana limeshuka hadi nyuzi 27 au 28. Hii ndiyo miezi mizuri ya mboga pwani yetu, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, kabla kaskazi haijaja kukausha kila kitu. Barua za mwezi huu zimetoka Lamu, Malindi na Gede, na kadhaa zinalalamikia udongo.

Nakaa Langoni, Lamu. Ua wangu ni mchanga mtupu. Nimetia samadi ya punda mara mbili. Sukuma wiki ikapendeza wiki tatu, kisha majani ya chini yakawa manjano. Magugu nayo yameota kuliko mboga. Nimekosea wapi?

Dada, teka konzi ya huo mchanga, uloweshe, uufinye, kisha fungua kiganja. Ukimwagika wote bila kushikana, basi samadi yako haikuwa na pa kukaa. Chembe za mchanga ni kubwa na zimeachana, maji hupita kati yake kama kwenye chujio. Nitrojeni ikishayeyuka hushuka na maji hayo hadi chini ya mizizi, hasa kwa mvua kama za Mei. Mmea ukikosa nitrojeni huinyonya kutoka majani ya zamani ili kulisha machanga, ndiyo maana manjano yameanzia chini.

Magugu yametoka kwenye samadi yenyewe. Punda hacheui kama ng'ombe au mbuzi, kwa hiyo mbegu nyingi za nyasi hupita tumboni mwake zikiwa hai. Usiitie mbichi tena. Ipikwe kwanza kwenye biwi.

Tafuta pembe yenye kivuli, mita moja kwa mita moja. Usipunguze kipimo hicho hata kama ua ni mdogo, kwa sababu biwi dogo halishiki joto. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Juu yake tandaza majani makavu na makuti yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 20. Kisha maganda ya mboga na majani mabichi, sentimita 10. Kisha samadi ya punda, sentimita 5. Nyunyiza maji kila tabaka, rudia mpaka ifike urefu wa mita moja, halafu funika kwa makuti. Ukifinya konzi ya biwi yatoke matone mawili matatu tu, kama nguo iliyokwisha kukamuliwa.

Siku ya tano chomeka nondo hadi katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Ikikuchoma hata ushindwe kuishikilia, biwi linafanya kazi: ndani kuna nyuzi 55 hadi 65, na mbegu za magugu zinakufa. Ikiwa vuguvugu, biwi ni kavu au samadi ni kidogo. Likinuka kama mkojo, samadi imezidi, ongeza majani makavu. Likitoa uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, lipindue siku hiyo hiyo. Pindua kila baada ya wiki mbili, ya nje yaingie ndani, maana pembeni hapapati moto na mbegu za hapo hubaki hai. Baada ya miezi miwili au mitatu utapata mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Tia ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mraba, uchanganye hadi kina cha sentimita 15 au 20, na urudie kila msimu, kwani kwenye joto letu mboji huliwa upesi na vijidudu vya udongo. Pia, kabla ya kuchanganya, chimba mfereji wa sentimita 30 katikati ya tuta, panga makumbi ya nazi, yafukie. Yatakunywa maji na kuyaachia mizizi pole pole. Yasiwe makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya usumba, hayo yamejaa munyu. Hata yale ya kawaida yaloweke kwenye maji matamu siku mbili, umwage maji, uloweke tena.

Niko Malindi, karibu na bahari. Majani machanga ya pilipili yamekuwa manjano lakini mishipa ni kijani. Niliambiwa nitie majivu. Nimetia madebe mawili, hali imezidi.

Acha majivu leo. Ushauri huo unafaa kwenye udongo wenye tindikali, kama ule wa milima ya chai. Wako ni kinyume. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, utonee siki au ndimu, usogeze sikio. Ukitoa povu na mlio mdogo kama soda, una chokaa ndani yake: ni vumbi la matumbawe na makombe yaliyosagika. Udongo wa namna hiyo huwa na pH, yaani kipimo cha tindikali, karibu na 8, na 7 ndiyo katikati. Madini ya chuma yamo ndani yake, lakini yamefungika, mzizi hauwezi kuyayeyusha. Majivu na chokaa huongeza kufuli la pili.

Angalia tofauti na barua iliyotangulia: kule manjano yalianza chini, kwako yameanza juu, kwenye majani machanga. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya.

Tiba ya haraka ni mbolea ya chuma ya dukani. Soma pakiti: inayofaa udongo wa chokaa imeandikwa EDDHA. Ile ya EDTA huachia chuma chake mapema pH ikiwa juu, na pesa yako inapotea ardhini. Fuata kipimo cha pakiti, mwagilia kwenye shina jioni. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi vizuri, tazama yanayochipuka upya. Tiba ya kudumu ni mboji, kwa kipimo kile kile cha ndoo moja kwa mita mraba.

Mwani unaotupwa na kusi ufuoni nao ni mali. Urundike wazi unyeshewe, au uoshe mara tatu, kisha utie kwenye biwi. Usiuchukue ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Huko tangu 1968 vitu vya bahari vimehifadhiwa.

Kisima chetu Shela, Lamu, kina maji ya munyu kidogo. Tunywesheze mboga au tuache?

Inategemea mboga. Bitiruti na spinachi hustahimili, mchicha na nyanya kwa kiasi, lakini maharagwe, karoti na vitunguu huungua ncha za majani na kudumaa. Mvua inayozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela huelea juu ya maji ya chumvi, kwa vile maji matamu ni mepesi. Pampu ikivuta kwa nguvu, ya chini hupanda. Tekeni kidogo kidogo, mkipumzisha kisima.

Msinyunyizie majani. Mimineni kwenye shina, mara moja kwa wingi badala ya vikombe vidogo kila saa, ili munyu usukumwe chini. Mkiona ukoko mweupe juu ya tuta, munyu umepanda na jua. Kwangueni ukoko huo, mwagilieni hadi maji yapite mizizi, kisha tandazeni makuti au nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 7. Miche michanga ipewe maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita mraba 50 kwa mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 1,000, ukiacha yanayomwagika. Wazee wetu walijenga majabia kwa hesabu hiyo hiyo.

Mwanangu aliyeko Uingereza amenitumia pakiti za mbegu za msimu wa baridi: vitunguu na saladi. Zitaota hapa Malindi?

Shikamoo, mama. Vitunguu vitaota majani mazuri lakini havitafunga kitunguu. Vile vya kule husubiri siku ndefu za kiangazi, saa 14 za mwanga au zaidi, na Malindi mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Nunua aina za siku fupi, kama Red Creole au Bombay Red. Vile vya mwanao kateni majani, mle kama vitunguu vya majani.

Saladi itafaa, ila mbegu yake hulala udongo ukipita nyuzi 28 hadi 30. Isie jioni kwenye kitalu chenye kivuli, ifunikwe udongo mwembamba sana maana hutaka mwanga, tandika gunia lenye maji, uliondoe mara tu chipukizi zikitokeza.

Nyanya zangu Gede hunyauka mchana na kuamka jioni, hata nikimwagilia. Nimeng'oa mmoja, mizizi ina vinundu kama tangawizi.

Ni minyoo fundo, haionekani kwa macho na hupenda mchanga. Usiichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo ni rafiki: hivyo vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, hubanduka ukivisugua kwa kidole, na ukikata kimoja ndani ni chekundu-pinki. Vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki.

Ng'oa mimea iliyoathirika na mizizi yake yote, uichome, usiitie kwenye biwi. Kwenye tuta hilo usipande nyanya, bilingani, pilipili, mnavu wala bamia msimu huu. Sia marejea (crotalaria, mimea ya jamii ya kunde ya kurutubisha udongo) kwa kubanana, minyoo huingia mizizini mwake isiweze kuzaliana. Yakianza kutoa maua, kama wiki ya nane, yakate na kuyafukia, ungoje wiki tatu ndipo upande. Januari na Februari, jua likiwa kali, lowesha tuta hadi chini, funika kwa nailoni angavu, nyeusi haipitishi jua, zika kingo zake, uiache wiki nne hadi sita. Ukinunua mbegu tena, tafuta herufi N baada ya jina la aina ya nyanya, ndiyo alama ya ukinzani. Jembe la tuta hilo lioshe udongo wote kabla ya kugusa jingine, na miche usiombe kwa jirani kabla hujaiangalia mizizi.