Je, mtoto akatwe udata ili aongee?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 2 na miezi 3, na maneno yake ni matatu tu: "mama", "baba" na "ta", akimaanisha taa. Alinyonya vizuri na hutoa ulimi nje bila shida. Tangu akiwa na miezi 9 masikio yake hutoa usaha mara kwa mara, na televisheni huisogelea hadi nimwondoe. Nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kiluguru. Mama mkwe anasema mtoto ana udata, na amekwisha kumpata mzee wa kuukata. Mume wangu anasema wavulana huchelewa. Nimpeleke? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Usimpeleke kwa mzee huyo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote macho yangu yamerudi kwenye usaha wa masikio, jambo ulilolitaja kana kwamba ni mafua.

Udata ni utando ulio chini ya ulimi, na kila mmoja wetu anao. Kwa baadhi ya watoto huwa mfupi, ukawasumbua katika kunyonya au, baadaye, katika kutamka sauti kama "r" na "l". Lakini mtoto wa namna hiyo huwa na maneno mengi anayoyatamka vibaya; udata haumnyimi mtoto maneno yenyewe. Wako alinyonya vizuri, ulimi anautoa nje, na bado ana maneno matatu katika umri ambao tunatarajia awe ameanza kuunganisha mawili, kama "mama njoo" au "maji hapa".

Usemi huanzia sikioni. Mtoto husikiliza karibu mwaka mzima kabla ya kusema neno lake la kwanza, na kila mara sikio linapojaa majimaji au usaha, sauti humfikia kama inayotoka chumba cha pili. Miezi uliyoitaja, kuanzia wa 9 hadi leo, ndiyo hasa ambayo alipaswa kuokota maneno, na ninahisi kwamba huisogelea televisheni ili aisikie. Nasema ninahisi, kwa sababu kipimo ndicho kitakachothibitisha. Mpeleke hospitali ya mkoa, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, atazamwe sikio na apimwe usikivu. Vipo vipimo ambavyo havihitaji mtoto ajibu chochote, vingine hufanywa akiwa amelala. Hadi hapo, usimtie mafuta ya nazi, maziwa wala maji ya majani masikioni. Mweleze daktari pia kama mtoto hunyoosha kidole kukuonyesha kitu, kama hugeuka akiitwa na kama huigiza katika michezo yake, maana mtoto anayesikia vizuri lakini hafanyi hayo huhitaji kuchunguzwa kwa ajili ya usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na wengine.

Mumeo hajakosea kabisa, kwani wavulana huchelewa kidogo kwa wastani, ila tofauti hiyo ni ndogo mno kueleza hali ya mtoto wako. Kiluguru nacho hakina hatia. Hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja.

Linalonichosha ni huo wembe. Chini ya ulimi pana mishipa ya damu na matundu ya mate, na mtoto mdogo humeza damu yake, kwa hiyo mama anaweza asijue kwamba inaendelea kutoka. Wembe uliopita vinywa vingine huweza kumwachia maambukizi, yakiwemo ya pepopunda na VVU. Kisha wapo watoto ambao wangeongea tu walipokaribia miaka 3. Hao wakikatwa, mzee husifiwa mtaa mzima, na wale walioendelea kunyamaza hakuna anayewahesabu. Nimewapokea wengi wa hao wa pili, wakiwa na miaka 5 au 6, kovu chini ya ulimi na masikio ambayo hayajawahi kupimwa.

Miaka hiyo hairudi, kwa sababu ubongo hujifunza sauti za lugha kwa wepesi zaidi katika miaka michache ya mwanzo. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia usikivu tangu 2017, lakini hata kifaa hicho humfaa zaidi mtoto aliyezaliwa kiziwi akikipata mapema. Vivyo hivyo kwa wanaouza matone ya "kufungua usemi" kwa simu, na kwa wanaokata kimeo kila mtoto anapokohoa: waulizeni kwanza walipima nini kabla ya kushika wembe au chupa. Wewe, mama, chukua kadi ya kliniki, uorodheshe kila mara sikio lilipotoa usaha na dawa aliyopewa, na uende nayo wiki hii.