Viwanja vya usawa mmoja, rangi mbili

SWALI: Mhariri, naishi Tudor, karibu na mkono wa bahari. Katika mkutano wa mtaa tulionyeshwa ramani ya mafuriko ya pwani. Nyumba yangu imepakwa rangi nyekundu na ya jirani yangu njano, ilhali viwanja vyetu vi usawa mmoja. Je, wapimaji wamekosea?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, huenda hawakukosea, kwani ramani hizi ni za aina mbili. Moja huonyesha maji yatafika wapi na kwa kina gani, na humo nyumba za usawa mmoja hupata rangi moja. Nyingine huonyesha hasara itakayowapata walio humo: nyumba ya udongo yenye mgonjwa asiyeweza kutembea, na choo cha shimo kilicho upande wa maji, haiwezi kuwekwa sawa na nyumba ya mawe yenye baraza iliyoinuliwa. Uliza kwanza mlionyeshwa ipi.

Lipo hata hivyo kosa ambalo nawasihi mlichunguze, nalo ni la sifuri. Ramani za nchi kavu kwa kawaida huhesabu kimo kuanzia usawa wa wastani wa bahari, ilhali jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini huhesabu kuanzia maji yaliyokupwa kabisa. Tofauti yake ni karibu mita 2. Mchoraji akizichanganya, anaweza kuuzamisha mtaa ulio salama au, jambo linalonitia hofu zaidi, kuuonyesha mkavu mtaa unaoingiwa na maji. Satelaiti nazo mara nyingi hupima vilele vya mikoko na mapaa zikidhani ni ardhi, hivyo ukingo huonekana umeinuka kuliko ulivyo.

Ulizeni pia ramani imechorwa kwa maji ya saa gani. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilitufikia maji yamekupwa, na hilo lilipunguza madhara. Wimbi lile lile wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, lingepanda mbali zaidi. Mvua ya masika nayo ikikutana na maji kujaa, mitaro hukosa pa kumwaga.

Bamvua kubwa lijalo, hasa la Machi au Septemba, tia alama ukutani maji yalipokoma, uandike tarehe na saa, kisha uwapelekee wapimaji pamoja na alama wanazozikumbuka wavuvi na wazee wa mtaa wenu.