Kisanduku cha maktaba kinaleta matokeo maelfu, makala hazifunguki

Mkuu, umeuliza kama uachane na kile kisanduku kimoja cha kutafutia cha maktaba ya chuo, maana kinamwaga matokeo maelfu halafu makala zenyewe zinagoma kufunguka. Usikiache. Nimehudumu maktaba ya chuo hapa Mtwara miaka kadhaa, na kilio hicho nakisikia kila msimu wa tafiti.

Vyombo vya zamani vya kutafutia vilipeleka swali lako kwenye kila kanzidata, yaani hazina ya taarifa za makala, papo hapo. Ikichelewa moja, unazisubiri zote. Kwa intaneti yetu ya huku ungeenda kunywa chai na kurudi. Vya baadaye, kama kile kiitwacho Summon cha mwaka 2009, hukusanya taarifa mapema na kuziweka kwenye faharisi (orodha) moja, ndiyo maana majibu yanakuja chapu. Ila makala yenyewe imekaa kwa mchapishaji, na chuo kisipolipia unaishia kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo.

Tatizo kubwa zaidi huwa ni maneno. Dada mmoja wa Tandahimba alikuja na mada ya ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho, "powdery mildew" kwa Kiingereza. Akaandika "cashew disease", akaletewa mpaka habari za watoto wenye mzio wa korosho! Tukaandika cashew, kisha "powdery mildew" ndani ya alama za kunukuu. Matokeo yakapungua. Tukajaribu jina la kitaalamu la kuvu anayeuleta ugonjwa huo, Oidium anacardii, zikaibuka makala za zamani ambazo mwanzo hatukuziona. Tukarudia na Pseudoidium anacardii, maana kuvu huyo alibadilishwa jina na baadhi ya waandishi wa karibuni wanatumia hilo. Daftarini mwake kulikuwa na mistari minne, kila jina na tarehe aliyolitafuta. Nawe fanya hivyo, msimamizi wako atakuuliza tu.

Makala iliyogoma kufunguka, nakili kichwa chake chote ukakibandike kwenye BASE, mtambo wa kutafutia makala wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani. Upo tangu 2004, ni bure, na unakusanya kutoka hifadhi za kidijitali za vyuo, ambako waandishi wengi huweka nakala zao. Chuja zibaki zilizo wazi kusomwa bure tu, usimalize bando bure.

Halafu ripoti ya karatasi ambayo hakuna aliyeiskani haiwezi kutokea kwenye kisanduku chochote. Kama mada yako nayo ni korosho, panda bodaboda nenda kituo cha utafiti Naliendele ukaulizie. Yule dada huko ndiko alikomalizia.