Barua ya benki ikikwambia nyumba yako imeingia zoni ya mafuriko, usikimbilie kulipa tu

Wiki hii kuna dada kanitumia meseji, yuko huku huku Texas, benki imemwandikia kwamba ramani ya mafuriko imebadilika, nyumba yake sasa iko zoni AE, yaani ya hatari kubwa ya mafuriko, na ana siku 45 awe amekata bima, la sivyo benki itamkatia yenyewe na kumtoza. Ananiuliza, "Dada, hawa si wezi? Miaka yote hapa halijaingia hata tone." Nimeongea naye kwa simu, ila acha niandike kabisa, maana najua mko wengi mlionunua nyumba Houston na wakati wa kusaini mkaambiwa bima ya mafuriko haina haja.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Ajenti alisema eneo ni X, yaani nje ya zoni ya hatari, tulia, na kwenye makaratasi alikuwa sahihi, ila hakunieleza kwamba X ya leo kesho inaweza kuwa AE, na hilo mpaka leo linaniuma. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilinipita salama lakini mtaa wa pili watu walitoa magodoro na makapeti nje, kuta za jipsam zikakatwa mpaka usawa wa kiuno, na wengi wala hawakuwa kwenye zoni ya hatari. Bima ya kawaida ya nyumba haikuwapa kitu kwa sababu hailipi mafuriko, hilo liko wazi kwenye mkataba, ni vile tu hatusomi.

Baadaye FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa linalochora hizi ramani, wakatoa ramani mpya ya kwetu, na barua ikanifikia. AE maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 maji kufika hapo, unaona ni kidogo eeh, haya piga hesabu kwa mkopo wa miaka 30, inakuja kama asilimia 26. Na benki haijitungii, sheria ya kuwalazimisha ipo tangu 1973.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo watu wanapochanganya. Ramani inaamua kama benki itakulazimisha. Bei ni kitu kingine, tangu Oktoba 2021 wameanza kuikokotoa kwa nyumba yenyewe, iko mbali kiasi gani na maji, sakafu imeinuka kiasi gani, kuijenga upya ni hela ngapi. Lakini kama ramani ndiyo imekuingiza, ukikata ndani ya mwaka mmoja tangu ianze kutumika unapewa punguzo la walioingizwa upya, unaanzia chini halafu inapanda taratibu, kwa nyumba unayoishi mwenyewe haizidi asilimia 18 kwa mwaka. Ajenti wa kwanza niliyempigia hakulitaja kabisa hilo punguzo. Nilimpigia mwingine. Ulizeni jamani! Ile bima ya kukatiwa na benki ndiyo ya kukimbia, mara nyingi ni ghali na inalinda deni lao, makochi yako hayamo.

Nilivyokwisha kukata nikamwita mpima ardhi mwenye leseni. Alizunguka nyumba nzima na fimbo yake ya vipimo akatafuta mahali ambapo udongo unaogusa ukuta uko chini kuliko kwingine, kwangu ilikuwa ile kona ya nyuma kwenye mashine ya AC, akaisimamisha pale akasoma. Kona ile ilikuwa juu ya kimo cha mafuriko kilichoandikwa na FEMA kwa kama nusu futi. Kwa sababu ya hiyo nusu futi nikaomba LOMA, yaani barua ya FEMA ya kuitoa nyumba kwenye zoni, FEMA hawatozi ada, unamlipa mpima tu, na nyumba yangu ikatolewa rasmi kwenye zoni. Nilijaza fomu zote mwenyewe bila wakili na najivunia sana. Ila kama kiwanja chenu kiliinuliwa kwa kifusi, utaratibu wake ni tofauti na una ada, na hata ukitolewa benki ina haki ya kuendelea kudai bima, yangu ilikubali kuniachia.

Na bado nalipa. Watu wananishangaa, nimehangaika kutoka halafu sijaacha bima, wakati wao wanatuma hela Kibaha kumwaga zege na hii ya hapa, wanapolala watoto wao, haina kitu. Ndugu zangu, mvua ya huku mnaijua. Bima ya mafuriko ya serikali inalipa mpaka dola 250,000 kwa nyumba na 100,000 kwa vitu vya ndani, na vya ndani unakatia pembeni, usipoomba hawakuwekei. Kwa kawaida inakaa siku 30 kabla ya kuanza kufanya kazi, kwa hiyo ukisubiri kimbunga kitangazwe kwenye TV umeshachelewa.

Na ukiuza nyumba usiifute hiyo bima, mnunuzi anaweza kuirithi pamoja na ile bei yako ya chini, kamwambieni ajenti wenu aiweke kwenye tangazo.