Naandika kila usiku, usingizi hauji

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu ndoa yangu ivunjike naandika kila usiku kwenye daftari, kama tulivyoelekezwa kwenye kundi la WhatsApp: nitoe uchungu wote. Miezi inapita na usingizi ndio umetoweka. Niongeze muda?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze, punguza.

Hilo la “kutoa uchungu” ndilo linanichosha. Watu wanadhani moyo ni kibuyu, ukikipindua kinabaki kitupu. Mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, aliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, basi. Walioandika mambo mazito walitoka na huzuni zaidi siku zile zile. Nafuu ilionekana miezi iliyofuata, walipokwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Baadaye ikaonekana kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalibadilika siku hadi siku, wakaanza kuandika “kwa sababu” na “sasa naelewa”.

Fungua daftari lako mchana. Kama ukurasa wa jana na wa mwezi uliopita zote zinasema “alinidharau, alinidharau”, hapo unakitonesha kidonda tu. Jaribu hivi: “Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kurudi kwa wazazi na watoto watatu.” Sentensi hiyo inauma, lakini inakufikisha mahali. Andika alasiri ukishafunga biashara, si kitandani. Ukiona unazidiwa, weka kalamu chini. Hakuna thawabu ya kumaliza ukurasa.

Sasa hao wa kundi. Wapo wanaouza “siku 21 za kuponya moyo”, unatuma hela kwa simu, halafu wanataka upige picha kurasa zako uwatumie. Usitume! Siri za ndoa yako zikishaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua, huna pa kuzidai. Wengine humsukuma mtu aandike wiki ile ile aliyofiwa au kubakwa, wakati hata kula hawezi. Mtu huyo anahitaji watu pembeni yake, kalamu itasubiri.

Na wewe, kukosa usingizi kwa miezi si kazi ya daftari. Nenda Hospitali ya Maweni uulizie huduma ya afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Ukiandikiwa vidonge, asikuachishe mtu wa kundini.