Kabla hujaandika propozo ya bayoanuwai, tafuta daftari la aliyekutangulia

Wadogo zangu mnaosoma ikolojia, botania, misitu au wanyamapori, hii ni yenu. Kila mwaka naombwa kupitia propozo za masta na nyingi zina kichwa kinachofanana, "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa bayoanuwai" (yaani wingi wa aina za viumbe), alafu linafuata jina la mkoa au la nchi nzima. Nawaelewa kabisa, jambo lenyewe linauma na mtu anatamani alishike lote, ila una miaka miwili tu na sehemu kubwa inaishia kwenye kozi na kutafuta hela, kwaiyo ukiingia porini msimu mmoja ukahesabu miti au vyura utatoka na picha ya mwaka huo basi. Mabadiliko huyaoni kwenye hesabu moja. Unayaona pale ambapo mtu alishahesabu zamani na wewe ukarudi pale pale, ukahesabu kwa njia ile ile.

Mi nilifanya hivo Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kwenye ploti za miti, yaani vipande vya msitu vilivyopimwa na watu kabla yangu, na mpaka leo naona ndo uamuzi ulionifaa kuliko wote niliofanya chuoni. Milima hiyo hiyo ya Usambara kuna kazi ya ndege iliyoanza 1987, mtafiti William Newmark na wenzake wanatega nyavu msituni, wanavisha ndege pete, wanawaachia, wanarudi tena mwaka mwingine, hivo hivo. Ungeangalia matokeo ya mwaka mmoja usingeona kitu. Ilipofika miaka kama 30 ndo wakaweza kuonyesha kwamba spishi kadhaa za chini ya msitu zinaongezeka kwa kasi ndogo kadri joto linavyopanda, na hapo tunaongelea ndege ambao msitu wao bado umesimama.

Sasa angalia inakuwaje data za nyuma zikikosekana. Chura wa Kihansi, wengi mmemsikia darasani, mdogo hafiki sentimita 3, anazaa vitoto vilivyokamilika badala ya kutaga mayai, na makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zinazolowa kwa manyunyu ya maporomoko kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa. Sayansi ilimjua 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulishaanza. Mtambo wa megawati 180 ulipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ya maporomoko yakahamishwa na manyunyu yakakauka. Watu walipambana kweli, mwaka 2000 vyura kama 500 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx kule New York, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka tena vizuri tu. Alafu 2003 wakaporomoka ghafla, na 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likatangaza kwamba porini hayupo tena. Kilichowamaliza ni nini hasa? Fangasi wa ngozi wa vyura alikutwa, maji ya bwawa yalifunguliwa kipindi kile kile na yalishuka na tope, na makazi yenyewe yalikuwa yameshabadilika kutoka mwanzo. Vyote vimegongana ndani ya muda mfupi na hakuna mtu aliyekuwa na rekodi za miaka mingi kabla ya bwawa kuonyesha hawa vyura hupanda na kushuka vipi kwa kawaida. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nawaheshimu sana waliofanya hiyo kazi. Ila nikifikiria kwamba miaka kumi tu ya kuhesabu vyura kabla ya 1996 ingebadilisha mjadala mzima, naumia.

Hizo data za zamani utazipata wapi? Anzia habariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), ya Arusha, au ile ya Nairobi pale Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwenye lebo ya kila sampuli kuna mahali, mwinuko, tarehe na jina la mkusanyaji, na Amani, huko huko Usambara Mashariki, kumekusanywa mimea tangu enzi za Wajerumani. Pitia tasnifu za zamani kwenye maktaba za SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na UDSM, zile zilizopigwa chapa ambazo hazipo mtandaoni, mara nyingi majedwali ya mwisho yana thamani kuliko hitimisho. Kwa Usambara Mashariki kuna ripoti za mradi wa utafiti wa Frontier-Tanzania za miaka ya 90, msitu kwa msitu. Na kama mwandishi yuko hai mtafute, muulize daftari lake la porini liko wapi.

Ukishazipata kuwa makini na koodineti, zile namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na GPS ya simu yako inatumia WGS84, usipobadilisha unakosea mahali kwa kama mita 300, na mlimani mita 300 zinaweza kukutoa msitu mmoja zikakuweka mwingine kabisa. Pima unene wa mti pale pale kwenye mita 1.3 toka chini, nenda msimu ule ule, tumia saa zile zile. Na andika sifuri! Sehemu uliyotafuta chura ukamkosa ni data kamili.

Kitu kingine, usikimbilie kusema "ni tabianchi". Kule Amani miti ya Maesopsis iliyoletwa mwanzoni mwa karne iliyopita ilisambaa sana baada ya ukataji magogo, ukikuta spishi za asili zimepungua kwenye ploti lazima uanze kuuliza magogo yalikatwa lini. Kilimanjaro kila mtu anatazama barafu, lakini mtafiti Andreas Hemp alionyesha 2005 kwamba ukame unaleta moto, moto unakula msitu wa juu unaonasa maji ya ukungu, na maji yanayopotea hapo ni mengi kuliko yale ya barafu inayoyeyuka. Tabianchi imo, ila imepita kwenye moto, na ungepima joto peke yake usingeliona hilo.

Na wazee wa kijijini jamani. Anayeijua miti ya msambu na mtambara kwa kunusa gome tu ndo mwalimu wako, mlipe vizuri, mwite kwa heshima yake, na akikubali jina lake liwemo kwenye kazi. Yeye ndo atakuambia moto wa mwisho ulipita mwaka gani.

Barua ya chuo peke yake haitoshi kuingia hifadhini, TFS (wakala wa misitu) wana utaratibu wao kwa misitu na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa wanyama, anza mapema. Na ukimaliza, data ghafi pamoja na koodineti na namba za miti ziache maktaba na uziweke GBIF pia, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe mtandaoni, maana laptopu inaibiwa na flashi inakufa, na kuna mwanafunzi wa mwaka 2050 atazitafuta.